Mgeni aliona kuni, sisi tuliona maziwa: mti wa mama pale Kakuma

Wakuu, ejok, kama tunavyosalimiana kwetu Turkana! Hii ilinitokea mwenyewe, na chumvi sijatia hata punje.

Miaka ya tisini. Nasoma sekondari Lodwar, likizo narudi nyumbani Kakuma, kando ya mto ambao siku nyingi ni mchanga mtupu. Kambi ya wakimbizi ilikuwa bado changa.

Asubuhi moja nikasikia mama anapiga kelele mtoni. Nikatoka mbio.

Nikamkuta na fimbo. Mbele yake kasimama Achol, mama mkimbizi kutoka Sudan, na panga lake. Tawi bichi la mti wetu liko chini.

"Hii mama nakata mti yangu! Mimi naita vijana sasa hivi!" mama akafoka.

"Yako namna gani? Nani napanda? Hii ni ya Mungu!"

Niliogopa kweli. Vijana wenyewe ni kaka zangu, na wakiitwa hivyo hawaji kusalimia.

Kwa msiojua: kwetu miti ya kando ya mto ina wenyewe. Huo mama aliurithi kwa nyanya. Hakuna ua wala jembe, lakini kila jirani anajua.

Achol hakuwa mwizi, jamani. Hata mimi darasani nilifundishwa shamba ni mahali palipolimwa. Kwa hesabu hiyo pale ni pori, na mti ni kuni.

Sasa, Achol nilishamsikia sokoni akisimulia ng'ombe alioacha kwao. Nikamuuliza, "Mama, kwenu ng'ombe akila nyasi peke yake, ni wa Mungu?"

Akacheka. "Aa! Iko na mwenyewe!"

Nikautikisa mti. Maganda ya mbegu yakamwagika, mbuzi wetu wakaja mbio kuyatafuna.

"Kiangazi nyasi zikiisha, haya ndiyo maziwa yetu. Huyu ndiye ng'ombe wa mama."

Achol akaangalia mbuzi, akaangalia lile tawi. Panga likashuka. "Pole, mama."

Mama naye akamwonyesha matawi makavu. Hayo achukue tu.

Kiangazi kikaja kikali, mbuzi wetu wakala wakashiba. Siku moja nikasikia kelele tena mtoni. Ni Achol, anawafukuza wageni wenye mashoka:

"Nyinyi nachinja ng'ombe ya mtu?"

Wakuu, nilitembea kifua mbele wiki nzima!

Nilichojifunza: kumwambia mtu "usiguse" hakutoshi. Mwonyeshe kitu kinafanya kazi gani, kwa mambo anayoyajua, atakilinda mwenyewe.

Na wewe, kuna kitu ulikidharau mpaka ulipoelezwa? Mwaga hapa tusome.