Mwalimu Breki Atafuta Shule ya Mbizi

Ukimtaja kwa jina alilopewa na wazazi wake, hata majirani watakuuliza unamtafuta nani. Sema Mwalimu Breki, utasindikizwa hadi mlangoni. Amefundisha watu kuendesha magari tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na nusu ya madereva wa mji ule wamepita mikononi mwake, wakiwemo wanaomsema vibaya mpaka leo kwa sababu aliwafelisha. Gari lake la kufundishia lina breki ya pili upande wa abiria, na mguu wake umeizoea hiyo breki kupita kiasi. Akiwa sebuleni anatazama filamu, mtu akikata kona ovyo, Mwalimu anakanyaga zulia. Zulia limetoboka hapo. Mkewe alilishona, likatoboka tena, akalishona, mwishowe akasema basi, tundu nalo ni mwanafamilia.

Mkewe huyo ni mkunga, na ni mkunga hasa, wa wale ambao mama mjamzito akimwona anaingia wodini anaanza kutulia kabla hajaguswa. Maisha yake yote ya kazi amezungukwa na mayowe. Mwaka uliopita zamu ikawa yake kulazwa: uvimbe kwenye kizazi, upasuaji, halafu damu ikakataa kukatika, akarudishwa ndani haraka haraka huku Mwalimu amebaki kwenye benchi la korido, ameshika kandambili za mkewe, hajui azifanye nini. Kwa rehema za Mungu alipona. Tena nasema alipona kabisa, akarudi kazini, akarudi kucheka, akarudi kugombana na muuza mkaa. Lakini Mwalimu alianza tabia mpya. Mkewe akibeba ndoo, anaipokea. Akipanda ngazi, yuko nyuma yake mikono mbele. Akikohoa kidogo tu, roho yake iko juu.

Watoto wao wawili, waliokuwa wameshikwa na hofu ileile, walichanga wakawapeleka wazazi mapumzikoni kisiwani. Ilikuwa njia yao ya kumshukuru Mungu. Mwalimu alielewa mapumziko kuwa ni kula, kulala na kutazama maji kutoka mbali. Mke alikuwa na yake moyoni. Walipokuwa bado hawajafungua mabegi, akamweleza kwamba alipokuwa amelazwa kulikuwa na televisheni ukutani, sauti imezimwa, na mchana mmoja ikaonyesha watu wanashuka baharini kwa pumzi moja, bila mtungi wa hewa wala nini, wanafuata kamba hadi chini kwenye bluu, kimya. Akajiahidi kwamba akitoka kitandani pale atakwenda mahali pasipo na kelele, walau mara moja katika maisha yake. Kisiwa hiki kina shule za mbizi za namna hiyo. Ameshauliza.

Mwalimu Breki akaanza kufungua begi lake. Angekataa, lakini kwa sababu gani? Basi akasema sawa, ila shule atachagua yeye, kwa kuwa mambo ya kufundisha watu vitu vya hatari ni kazi yake. Mke akakubali papo hapo, bila hata kubishana. Mtu mwingine angeshtuka hapo.

Asubuhi wakaanza kuzunguka. Shule ya kwanza ilikuwa kwenye kibanda ufukweni, na mwenye shule alikuwa kijana kifua wazi ambaye picha zake zilijaa ukuta mzima, yeye chini ya maji, yeye na papa, yeye na kombe la ushindi. Alieleza amewahi kufika chini kiasi gani, na kila alipoeleza kina kiliongezeka. Mwalimu akamwacha amalize, kisha akamuuliza swali moja tu: umewakatalia watu gani? Kijana hakuelewa. Mwalimu akafafanua: waliokuja kujifunza ukawaambia hapana, leo hushuki. Kijana akacheka, akasema kwake kila mtu anafaulu. Mwalimu akamshukuru kwa adabu zote, akatoka. Njiani akamwambia mkewe kwamba shule ya udereva ambayo kila mtu anafaulu ndiyo inayojaza wodi za mifupa.

Ya pili ilikuwa na kiyoyozi, makochi meupe na vipeperushi vinavyong'aa. Dada wa mapokezi aliwapa juisi. Mwalimu akauliza swali lake lilelile, dada akatabasamu, akaongeza juisi. Mwalimu akauliza tena. Juisi ikaja tena. Walitoka pale matumbo yamejaa maji ya embe na jibu hawana, mke akicheka mpaka anashika ukuta.

Ya tatu ilikuwa nyuma ya karakana ya injini za boti. Vyumba viwili, sakafu ya saruji iliyofagiliwa ikafagilika, suti za mpira zimeanikwa kwenye kamba zote zimegeuzwa ndani nje. Mlangoni palikuwa na kasheshe. Jitu moja la miraba minne lilikuwa linalalamika mbele ya mama mfupi wa makamo aliyevaa kaptura na miwani ya kusomea. Jitu lilikuwa na mafua. Mama yule alikuwa anamwambia kwamba pua iliyoziba haifungui masikio, na masikio yasiyofunguka hupasuka, kwa hiyo leo hapana, na kesho hapana, arudi akipona. Jitu likapandisha sauti, likasema limetoka mbali. Mama akasema subiri. Likatishia kumchafulia jina. Akasema subiri. Baadaye waliambiwa kwamba pwani yote inamwita Bi Subiri, na sababu haikuhitaji kuelezwa.

Mwalimu Breki alipenda, jamani. Alipenda kama mtu aliyekutana na ndugu yake aliyepoteana naye. Akatangaza hapohapo kwamba hii ndiyo shule, akatoka nje kukagua matairi ya gari walilokodi, akimwacha mkewe ndani ajiandikishe.

Sasa hapa lazima niseme kitu kuhusu Mwalimu ambacho hakimpendezi. Ukali wa Bi Subiri ulimfurahisha kwa sababu mbili, na ya pili aliificha hata kwa nafsi yake. Jioni, wakati mkewe anaoga, alisema anakwenda kununua maji ya kunywa. Akapita dukani bila kusimama, akaenda moja kwa moja nyuma ya karakana. Akamkuta Bi Subiri anasuuza miwani ya kuzamia kwenye beseni. Akamweleza yote: uvimbe, upasuaji, damu, benchi. Alieleza taratibu, akatia na chumvi kidogo pale palipohitaji, kisha akasimama kungoja neno moja alilolifuata, lile la hapana.

Bi Subiri aliendelea kusuuza. Akasema hayo yote anayajua. Mkewe alimwambia mwenyewe tangu asubuhi, akampa na namba ya daktari wake, naye amekwisha zungumza na daktari. Mama amepona, mapafu mazima, moyo mzima, kidonda kimefunga zamani. Atashuka kina kidogo, akishikwa mkono mwanzoni. Kisha akainua macho.

"Wewe umekuja kuniambia ili nimlinde, au ili nimkatalie?"

Mwalimu akakosa pa kuweka mikono. Amewauliza wanafunzi wake maswali ya namna hiyo maisha yake yote, na hakuwahi kujua yanauma hivyo. Bi Subiri hakumsukuma. Alimwambia tu kwamba yeye hakatalii watu ili kuwapendeza waume zao. Akaongeza kwamba hapo shuleni anayeshuka huwa na mtu wa juu, anayekaa kwenye boya na kumwangalia. Msaidizi anaye, lakini mtu wa nyumbani ni bora zaidi, mradi nyumbani wawe wameshaambiana ukweli. Kwa hiyo aende akamwambie mkewe alikokuwa. Na asisahau maji ya kunywa.

Akamwambia mkewe wakati wa chakula, macho kwenye sahani. Alitegemea ugomvi. Angeupokea kwa shukrani, maana ugomvi una mwisho. Mke aliweka kijiko chini, akafuta mdomo, akaacha kula, mhudumu akaja kuuliza kama chakula kina tatizo.

"Baba watoto," mke akasema baada ya mhudumu kuondoka, "nilipasuliwa mimi. Lakini mimi nilitoka hospitali. Wewe bado uko kwenye lile benchi."

Mke akaendelea kwa sauti ya chini, ile anayotumia wodini usiku mgumu, akamwambia anajua mapenzi yanayombebea ndoo, na anamshukuru Mungu kwa mume aliyekaa korido siku zote zile bila kwenda hata kunyoa. Ila amechoka kutazamwa kama kikombe kilichoungwa kwa gundi. Anataka kutazamwa kama mtu. Kisha akakichukua kijiko chake, akala, na samaki wa mumewe akamalizia pia, kwa sababu mwenzake hakumgusa tena.

Kesho yake walianza. Darasani kwanza, kwenye mikeka, kujifunza kupumua kwa tumbo. Mkunga alijua mambo hayo kuliko kitabu, na Bi Subiri alifurahi kupata mtu wa kuelewana naye; wakaanza kuzungumza habari za pumzi hadi Mwalimu akasinzia, jambo ambalo ndilo lengo la zoezi. Halafu maji ya kina cha kiuno, halafu ya kifua. Mwalimu alivalishwa jaketi la kuokolea lililomfanya asiweze kugeuza shingo, akafundishwa kazi ya mtu wa juu. Ni kazi fupi kuieleza. Kamba anayoifuata mzamiaji si ya kuvuta, maana ukiivuta unamtisha aliye chini na kumharibia pumzi. Akiibuka, avute hewa, avue miwani, akutazame, aseme niko sawa. Na hapo ndipo kazi inapoanza, kwa kuwa watu hawazimii chini tu, huzimia hata baada ya kutoka, wakiwa wanatabasamu. Kwa hiyo umkazie macho usoni. Midomo, macho, rangi. Usiangalie kamba, usiangalie saa, usigeuke kupiga chafya. Mpaka Bi Subiri aseme inatosha.

Siku ya bahari ilikuwa tulivu. Boya lilikuwa jekundu, kamba imening'inia chini yake, na maji yalikuwa safi mpaka Mwalimu akaona mahali ambapo kamba inapotelea, akatamani asingeona. Mke alilala kifudifudi, akapumua, akapumua, akapumua. Hakuna aliyempigia kelele. Kisha akavuta ile ya mwisho, akainama, miguu ikafuata, na Bi Subiri akashuka ubavuni mwake.

Mwalimu alishika boya kwa mikono miwili. Aliona mapezi ya mpira ya mkewe yakipungua, yakawa rangi, yakawa hakuna. Kamba ilitikisika kidogo karibu na kidole chake. Ni mwendo wa mkono mmoja tu kuivuta. Nataka ujue alivyotaka kuivuta. Akamwomba Mungu kwa maneno yasiyo na mpangilio, akitaja kandambili, korido, watoto. Hakuivuta.

Mkewe akaibuka. Alitoka karibu naye kabisa, akavuta hewa kwa nguvu, akavua miwani, akamtazama.

"Niko sawa."

Na Mwalimu akamtazama, kama alivyoagizwa. Midomo, macho, rangi. Kule hospitali alitazama chupa ya dripu, alitazama mlango, alitazama viatu vya madaktari; uso wa mkewe hakuuweza. Sasa hakuruhusiwa kutazama kingine. Akaona duara la miwani lilivyomchora mashavuni, kamasi kidogo puani, nyusi zimeingia mvi na yeye hakuwa na habari. Akaona kwamba yu hai. Si kwamba hajafa, maana hilo alikuwa analijua mwaka mzima. Yu hai, ana furaha ambayo haimhusu mume wala mtoto wala mgonjwa yeyote. Shukrani ikampanda Mwalimu kwa nguvu mpaka akashindwa kutofautisha maji ya bahari na yanayotoka machoni, na bado hakupepesa, kwa sababu yuko kazini.

"Inatosha," akasema Bi Subiri.

Mwalimu akaendelea kutazama.

Mkewe akacheka. Akasema chini kule kuna ukimya ambao hajui aueleze vipi, na kwamba angependa kushuka tena, kama inawezekana. Bi Subiri akasema kwa upande wake hana neno, mwili uko vizuri, lakini kwenye boya mwenye kauli ni mtu wa juu. Wote wawili wakamgeukia. Boti ya mtu ilipita mbali, mawimbi yake madogo yakawafikia, yakawapandisha na kuwashusha pamoja.

Mwalimu Breki akafuta uso kwa kiganja kilicholowa, jambo ambalo halikusaidia kitu.

"Shuka, mke wangu," alisema. "Kaa huko utakavyo. Mimi nipo."

Mkewe akavaa miwani, akalala juu ya maji, akaanza kupumua.