Mgeni Aliyeng'ang'ania Jembe

Nakumbuka siku moja, mwanangu, tulipokuwa likizo kule kijijini kwetu Plateau, nyanya yangu alininong'oneza jikoni: "Huyu rafiki yako anakimbia kitu." Gogo, ndivyo tulivyomwita, hakuwa mtu wa kusema ovyo. Tabia ya kushuku watu nimeirithi kwake, na sioni haya. Nyinyi wa siku hizi mnaamini haraka mno.

Rafiki mwenyewe alikuwa Akinyi, msichana wa kutoka pande za ziwa, tuliyekaa naye chumba kimoja huko chuoni Chepkoilel, enzi zile bado kikiwa tawi la chuo kingine. Alikuwa na kichwa, huyo! Tangu darasa la kwanza hakuwahi kushika namba mbili. Likizo hiyo akasema kwao kuna kelele, angependa kuja kwetu aandike ripoti yake ya utafiti. Alipaswa kuipeleka kwa mwalimu wake Ijumaa ya kufungua chuo, na asipoipeleka, hakuna kuhitimu. Arudie mwaka mzima. Nikamwambia karibu, kwetu kuna utulivu.

Basi akaja. Asubuhi ya kwanza tukamkuta shambani anapalilia mahindi. Jioni akataka kukamua, na ng'ombe hata hawamjui! Akafua, akapiga deki, akapanga kuni upya, ndefu kwa ndefu, fupi kwa fupi. Mama akamsifu mpaka nikaona wivu: "Jerotich, hebu tazama mtoto wa watu." Mimi nikaanza kumshuku kwa njia yangu. Nilidhani anamtaka kaka yangu Kiprono. Kila akimpelekea chai shambani, mimi niko nyuma, najifanya natafuta kuku. Kiprono naye, maskini, akaanza kuoga mchana.

Gogo aliona mbali kuliko mimi. "Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," aliniambia. "Huyu alilichukua mwenyewe kabla hata ya kunywa chai. Hakuna mtu anayependa magugu ya wengine namna hiyo. Iko kazi yake mahali inamngoja, na anaiogopa."

Kisha akaficha majembe. Kweli kabisa, mwanangu, aliyafungia ghalani na ufunguo akautia kifuani. Jikoni pia akampiga marufuku. Akinyi akabaki ameketi na karatasi nyeupe mbele yake, anachonga penseli mpaka ikawa kijiti. Alasiri nikamkuta analia kwa kwikwi.

"Sijaandika kitu, Jerotich," akasema. "Hata mstari mmoja. Nikianza naona si nzuri, nachana. Je, wakigundua mimi si yule wanayemfikiria?"

Nilimhurumia sana, na nikajionea aibu kwa yale niliyomwazia. Gogo alikuwa mlangoni na alisikia yote. Hakumpa pole. Alivuta kigoda akaketi.

"Andika ukurasa mmoja mbaya," akamwambia kwa Kiswahili chake cha kujikwaa. "Halafu unisomee."

"Lakini Gogo, ni ya Kiingereza. Hutaelewa."

"Ndiyo maana. Nitajuaje kama ni mbaya?"

Akinyi akacheka huku kamasi zinamtoka. Akaandika. Akasoma. Gogo akasikiliza mambo ya udongo na mbolea kwa lugha asiyoijua, ametulia kama yuko kanisani, na mwenzake alipofika mwisho akasema, "Endelea." Hilo tu. Kila alasiri ikawa hivyo: ukurasa, "endelea", kikombe cha mursik, maziwa yetu ya kibuyu, halafu ukurasa mwingine. Mara nyingine Gogo alisinzia kabisa na Akinyi akaendelea kusoma.

Ijumaa aliipeleka. Ilirudi imejaa wino mwekundu, ungedhani kuku amechinjiwa juu yake. Mimi nilikuwa tayari kumdaka asianguke. Akasoma maneno ya mwalimu polepole, akaniangalia. "Kumbe nilichokiogopa ni hiki tu?" Akarekebisha, akapata alama za katikati, za kwanza za aina hiyo maishani mwake, na akahitimu pamoja nasi. Kiprono hakumpata, kama ulitaka kuuliza.

Sasa nikuambie neno, mwanangu. Watu watasema kuahirisha kazi ni uvivu. Mimi nashuku. Mvivu hulala. Mwoga hujitafutia kazi, tena kazi njema za kusifiwa: kwaya, kamati ya vijana, kumsaidia jirani. Wahenga walisema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, na sibishani nao, lakini hakuna kunguru aliyehitimu kwa kukimbia. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo lenyewe ni lako. Kilichoandikwa vibaya mwalimu atakisahihisha. Kisichoandikwa atakifanya nini? Anza vibaya leo. Na kama ni kuanguka, anguka ukiwa umepeleka kazi yako, kisha uje nyumbani. Mlango huu hauulizi alama.

Haya, tuje kwako. Umefika hapa Yamumbi Jumatatu ukiniambia umekuja kumaliza project yako ya chuo. Umefua mapazia yote. Umepaka lango rangi. Jana ulimwogesha mbwa, na mbwa mwenyewe alishangaa. Majirani wananipongeza eti nimelea. Mimi nakutazama tu.

Weka hilo fagio chini. Leta kompyuta yako hapa mezani unisomee ulichonacho, hata kama ni mstari mmoja uliopinda. Kiingereza nimekifundisha miaka mingi, unajua, lakini alasiri ya leo sielewi hata neno. Mungu akuondolee hofu, aibariki kazi ya mikono yako, hata ile mbaya. Soma, mwanangu.