Kichwa Alichokishika Alfani

Watu wa Songea walisema Mwamvua ana ukoma wa kichwa. Ukoma gani huo unaokaa kichwani miaka kumi bila kula hata ncha ya kidole? Lakini Wajerumani walitoza kodi ya nyumba, si ya mdomo, basi watu wakasema.

Yalikuwa magamba meupe, makavu, yaliyoanzia kisogoni hadi juu ya masikio. Akiyakuna, damu ilitoka, nayo yakarudi mazito zaidi. Mumewe, Alfani, ndiye aliyeyajulia. Alipasha mafuta ya mbarika kidogo, akampaka, akayaacha magamba yalainike, ndipo akachana polepole bila kutia ukucha. Hayakwisha, ila yalitulia. Chanuo hilohilo Alfani alilitumia kichwani mwake, na hakuota gamba hata moja.

Mwaka 1905 maji ya vita yakafika, dawa iliyosemwa hugeuza risasi kuwa maji. Wanaume walioyanywa waliamriwa wasiwaguse wake zao mpaka vita viishe. Asubuhi ya kuondoka, Alfani alimkuta mkewe amejikuna hadi damu. Akamhurumia. Akampaka mafuta, akamchana, akaenda. Risasi ilimpata karibu na boma.

Mama mkwe, Sharifa, alikuwa amewaona. Siku ya kumaliza matanga wajane wengine walinyolewa na mashangazi. Mwamvua alitupiwa wembe.

“Jinyoe mwenyewe. Maji hayana kosa. Kichwa chako ndicho kilichomuua mwanangu.”

Naye akaamini. Hilo ndilo linaloniuma mimi. Njaa ikaja, magamba yakazidi, maana huzuni huyaamsha, lakini miaka miwili hakugusa mafuta. Aliona ndiyo adhabu yake. Hakuna aliyepiga hodi kwake, na upweke ulimchoma kuliko kichwa.

Siku moja alimkuta kisimani Zena, mjane mwenzake.

“Dada Zena, mumeo alikugusa kabla hajaenda vitani?”

“Anigusie wapi! Siku saba alilala kwa kaka yake. Hata chakula nilimwekea chini, asije akagusa mkono wangu.”

“Na risasi ikampata.”

“Ikampata. Siku ileile na wako.”

Mwamvua alirudi nyumbani akalia kwa sauti. Kisha akapasha mafuta. Juu ya masikio alipaka vizuri. Kisogoni, alipozoea kushika Alfani, mkono wake haukufika sawasawa, na hakuwa na mtu wa kumwita.