Kidole Gumba cha Mama Rangi

Mama Rangi hakuwa na mtoto. Jina alipewa na wateja, kwa sababu ya chupa za rangi ya kucha zilizojaa kwenye rafu yake, na mwenyewe alikuwa akisema afadhali watoto wa chupa, hawaombi ada. Mume aliwahi kuwepo. Alikaa miaka minne, akachoka kusubiri mimba, akaenda kuisubiri kwa mwingine. Ndugu aliyebaki ni dada yake mkubwa, naye aliolewa mbali, basi wakawa wanapigiana simu kila mwisho wa mwezi, wanaulizana habari za presha, wanaagana.

Kibanda chake kilikuwa mwisho wa ujia wa maduka: meza moja, taa ya kupinda shingo, viti viwili na beseni. Mkabala wake alikaa fundi saa, mgane mpole ambaye maneno aliyatoa kwa kipimo. Walisalimiana asubuhi, wakasalimiana jioni, na katikati hapo kila mtu na lake. Miaka kumi na miwili ilipita hivyo.

Sasa, watu hawakumfuata Mama Rangi kwa rangi tu. Yule mwanamke alikuwa na jicho! Ukimpa mkono, hujataja hata rangi unayotaka, ameshaugeuza chini ya taa. Mteja wake mmoja wa zamani, nesi, ndiye aliyemfunza, na mafunzo yakamkaa kichwani kuliko yanavyowakaa wanafunzi wa darasani. Kucha zilizopauka na kubonyea katikati kama kijiko, mwenye nazo akapime damu. Kucha nene, ya njano, inayomeguka, isifunikwe kwa rangi, itibiwe kwanza. Hata kichwani alikuwa anachungulia: nywele zikinyonyoka duara, usijipake mafuta ya jirani, nenda ukaonwe. Na juu ya mistari myeusi kwenye kucha, nesi alimwambia hivi: wengi wetu tunayo, mingi ni ya siku zote na haina neno. Uogope ule mmoja, mgeni, unaonenepa, halafu weusi wake unamwagikia kwenye nyama. Huo usilale nao.

Kusema alisema, na mdomo wake haukuwa na breki. Mke wa mwenye bucha aliambiwa mbele za watu kwamba mikono yake haina damu. Akanuna miezi miwili, kisha akarudi na shukrani na chupa ya vidonge vya damu. Wengine walinuna moja kwa moja. Mama Rangi hakujali. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema, akaendelea kupiga tupa.

Kitabu chake cha rangi kilikuwa mikono yake mwenyewe. Kila kidole kilivaa rangi yake, na mteja alichagua kwa kumshika kidole: nataka hii. Rangi ikichubuka aliifuta na kupaka nyingine papo hapo, kidole kimoja kimoja, macho yake yakiwa kwenye mkono wa mteja. Gumba la kushoto ndilo lililokuwa halisumbuliwi. Lilivaa zambarau iliyoiva, rangi iliyopendwa kuliko zote, kwa hiyo ikichubuka aliongeza tabaka juu ya tabaka. Labda mara moja kwa mwaka, unene ukizidi, aliifuta yote na kulipaka gumba upya haraka haraka, maana mteja alikuwa anasubiri.

Siku moja muuza jumla akamwambia zambarau ile haitengenezwi tena. Basi asubuhi, kabla wateja hawajaja, Mama Rangi akakaa chini ya taa yake na pamba na dawa ya kufutia, alivue gumba nguo yake ya zamani na kulivika mpya.

Chini ya zambarau palikuwa na mstari mweusi, mpana kama njiti ya kiberiti, kutoka shinani hadi nchani. Akafuta tena, akidhani ni rangi. Akafuta mara ya tatu, kwa nguvu. Pamba ilitoka nyeupe. Na pale shinani, weusi ulikuwa umeshavuka kucha, umemwagikia kwenye nyama.

Ungekuwa mkono wa mteja, angeshamwambia. Alitaka kumwambia mtu. Akachukua simu, akaiangalia, akaiweka, kwa kuwa haikuwa mwisho wa mwezi na dada angeshtuka. Upweke ukamkaba pale kitini, yeye ambaye kutwa nzima anashikana mikono na watu. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Hawakusema nani amnyoe.

Siku ile ile alifunga kibanda akaenda hospitali. Hilo tumpe haki yake. Daktari wa ngozi, mama kijana mwenye sauti ya taratibu, alimshika shika makwapani, akamkata kipande kidogo kwenye gumba cha kwenda kupimwa, akamfunga bendeji. Akamuuliza mstari umeanza lini. Mama Rangi hakujua. Daktari akasema ni muhimu sana kujua, awaulize watu wa nyumbani, arudi baada ya wiki mbili. Mama Rangi akaitika ndiyo, atawauliza. Nyumbani kwake kulikuwa na kitanda kimoja na birika.

Basi akawauliza wateja. Kila aliyeketi mbele yake, akamuuliza kama amewahi kuliona gumba hili bila rangi. Nesi alikuwa ameshastaafu, amehamia mbali. Wengine wote walilikumbuka gumba, na wote walichokumbuka ni zambarau. Alibaki na tumaini kwa mwalimu, aliyekuja kila Jumamosi kwa miaka saba na kumhadithia hata ugomvi wake na mawifi. Mwalimu akawaza, akatikisa kichwa. "Mimi naangaliaga rangi tu, Mama Rangi." Mama Rangi akacheka naye, akammalizia kucha, kisha akaenda chooni akalia.

Jioni hiyo fundi saa alikuwa anashusha shata lake. Akaiona bendeji, akauliza kulikoni, na Mama Rangi, kwa kuchoka tu, akamweleza yote. Fundi saa akaliacha shata katikati.

"Kile kistari?" akasema.

"Unakijua?"

"Mwaka juzi, wakati wa mvua. Umeme ulikatika, ukaniletea saa yako. Gumba ulikuwa umelifuta rangi, hujalipaka tena. Nilikuwa na tochi na kioo changu cha jichoni, nikakiona. Kilikuwa chembamba, kama uzi."

"Na hukuniambia?"

Fundi saa akatazama sakafu. "Nani amwambie Mama Rangi habari za kucha? Nilijua unajua."

Hasira ilimpanda Mama Rangi, ikamshuka, maana kati ya watu wote wa miaka kumi na miwili, ni huyu tu aliyekuwa amemwangalia.

Siku ya majibu, fundi saa hakufungua duka. Walikwenda pamoja, yeye akaketi kwenye benchi la nje na kofia magotini. Ndani, daktari alisema walichokuwa wanakihofia ndicho: saratani. Kwapani hakuna uvimbe, hiyo ni heri. Lakini gumba litakatwa kwenye kiungo, na baada ya hapo atafuatiliwa kwa miaka. Mama Rangi akamwambia habari ya uzi na mvua ya mwaka juzi. Kisha akauliza, kwa sababu yeye ni mtu wa kuuliza: angekuja siku ile je?

Daktari hakumficha. "Siku ile pengine tungetoa kucha na nyama kidogo ya chini yake. Gumba ungebaki nalo."

Alitoka. Fundi saa akasimama, kofia ikaanguka, hakuiokota. Mama Rangi akamwambia watakata, hapa, akamwonyesha kiungo. Fundi saa akauliza swali alilokuwa amekaa nalo kwenye benchi asubuhi nzima.

"Na ningesema siku ile?"

Mama Rangi, ambaye hajawahi kumpunguzia mtu ukweli hata wa ukucha mmoja, akainama akaiokota ile kofia, akaikung'uta vumbi.

"Nimemuuliza," alisema. "Amesema ingekuwa hivi hivi."

Fundi saa akashusha pumzi ndefu, akaipokea kofia, akamshukuru Mungu. Mama Rangi akatangulia kuelekea mlangoni.