Ujumbe Nilioumeza Kobe

Juzi nilishuka metro kule mwisho wa mstari, Auderghem, hapahapa Brussels, kumpeleka binti yangu kwa daktari wa meno. Tulipotoka tukapita mbele ya duka la Wajapani na mlango ulikuwa wazi. Harufu ya shayiri iliyokaangwa ikanijia puani, ile wanayochemshia chai na kuinywa baridi wakati wa joto. Nikasimama palepale kama mtu aliyeitwa jina lake. Binti yangu akaniuliza nina nini, nikamwambia sina kitu. Uongo mtupu. Nilikuwa na miaka kumi na moja tena, niko mji wa Kobe, Japani, nimeshika simu ya watu, na nyuma ya ukuta mama yangu anaoga huku akiimba.

Nilinunua pakiti moja. Ngoja nikueleze kwa nini, rafiki yangu, maana habari hii sijawahi kuisimulia kuanzia mwanzo, na wala haipungui uzito kadiri ninavyozeeka.

Siku hizo tulikaa Etterbeek, ghorofa ya tatu, mama, mimi, na koko. Koko ndivyo tulivyomwita bibi, kama watu wengi wa kwetu Lubumbashi. Mama alifanya kazi Auderghem kwa Mjapani mmoja tuliyemwita Madame. Alimpigia pasi, akampikia, akamlelea watoto wawili tangu wakiwa kwenye nepi. Madame aliporudi kwao Kobe alilia mlangoni na kuapa kwamba siku moja angetuita. Miaka ikapita. Mama hakuwahi kwenda likizo mahali popote. Kongé zake zilikuwa za kufua mapazia. Kila bahasha yenye stempu ya kigeni ilipoingia, koko alinyanyua kichwa na kuuliza kama ndiyo ile. Haikuwa ile, haikuwa ile, mpaka mwaka mmoja ikawa ile, na ndani mna tikiti mbili za ndege, wiki mbili za mwezi wa nane. Mama alikaa kwenye ngazi akacheka mpaka jirani wa chini akafungua mlango kuangalia.

Nyumbani kwetu mimi nilikuwa na kazi moja niliyoipenda kuliko zote, nayo ni kupokea simu. Ilikaa sebuleni juu ya kitambaa cha kufuma, na pembeni yake daftari lenye penseli iliyofungwa kwa uzi. Kifaransa changu kilikuwa safi na nilikuwa sisahau kitu. Nani kapiga, saa ngapi, kasema nini, yote niliandika na kuyafikisha. Koko alinipa cheo, akaniita sekretere. Wageni wakija aliwaambia kwamba yeye ni mwanamke mkubwa, ana sekretere wake, na mimi nilivimba kichwa.

Jumapili baada ya misa tulikuwa tunachambua matembele pamoja, bakuli katikati, redio ikinong'ona, samaki mkavu akilowa kwenye sufuria. Hapo ndipo koko alipokuwa akinifundisha mambo ya watu wazima. Ndiye aliyenieleza jinsi habari ya kifo inavyopelekwa. Kwetu, muntu aliye mbali haambiwi kwa simu. Ataanguka, na nani atamshika? Kwa hiyo wanamwambia fulani mgonjwa, rudi. Anarudi, anakalishwa, wanawake wanamzunguka, ndipo anaambiwa. Yeye mwenyewe aliambiwa kaka yake ana homa, akapanda treni na machungwa ya kumpelekea mgonjwa, na alipofika stesheni akakuta familia nzima imesimama inamngojea. Machungwa yakamtoka mikononi. Aliniambia, ukisikia nyumba imejaa watu na siyo sikukuu, wewe anza kulia. Nililishika neno hilo kama nilivyoshika kila kitu alichoniambia.

Asubuhi ya safari koko hakushuka ngazi kutusindikiza. Alisema miguu imechoka. Mama mkubwa, dada yake mama kutoka Ixelles, alikuwa amekuja kukaa naye hizo wiki mbili. Koko alikuwa amekaa kwenye kiti cha mama cha dirishani, kiti ambacho hakuwahi kukikalia hata siku moja, na alipotubusu mikono yake ilikuwa baridi, ingawa ilikuwa kiangazi. Mama aliiona ile mikono. Aliuliza mara tatu kama aahirishe. Koko akamfukuza kwa leso, akasema aende, amengoja vya kutosha. Barabarani nilitazama juu nikaona kitambaa chake cha kichwa dirishani, na sikukiona kikisogea.

Mji wa Kobe umebanwa kati ya mlima na bahari. Nyumba ya Madame ilikuwa upande wa mlima, kwenye kilima kikali, na msitu ulianza palepale nyuma ya jiko, mweusi hata mchana. Joto lile sijapata kuliona, linakushika kama kitambaa kilicholowa. Nyenje walilia tangu alfajiri kwa pamoja kama mashine, halafu ghafla wote wakanyamaza, na ukimya ule ulinitisha kuliko kelele. Asubuhi ya kwanza nilikuta wanne wamekufa kizingitini, miguu juu. Madame aliwafagia.

Lakini mama! Ungemwona mama. Alivua viatu mlangoni, akaviweka sawa, akalala chini kwenye godoro jembamba, akaamka saa nne. Saa nne ya asubuhi, yeye aliyeamka saa kumi na moja maisha yake yote. Madame alimkatalia kugusa hata kikombe. Alimmiminia ile chai baridi ya shayiri, akamkatia tikiti maji, na mama akaketi na miguu yake mbele yake akiitazama kama miguu ya mtu mwingine. Alisema siku ya tatu tutashuka baharini, na siku za mbele tutapanda treni kwenda kuona swala wa kwao wanaowainamishia watu vichwa kama salamu. Mimi nilikuwa nazihesabu siku hizo kwa vidole.

Siku ya pili ilikuwa Jumapili. Jioni, mama akiwa bafuni, simu ya Madame ililia. Madame alisikiliza, akatabasamu, akanipa mimi. Nani mwingine angepewa? Mimi ndiye sekretere.

Alikuwa mama mkubwa. Yeye akiongea kwenye simu chumba kizima kinasikia, lakini siku hiyo sauti yake ilikuwa ndogo, na nyuma yake nilisikia watu. Wengi. Wanawake wakiimba polepole wimbo wa kanisa, viti vikiburutwa, mlango ukifunguliwa na kufungwa. Nyumbani kwetu, saa saba ya mchana.

"Mama yako iko wapi?"

Nikamwambia anaoga.

"Bon. Koko iko mugonjwa. Anaomba sauti ya mama yako. Umuambie apige leo, leo hii. Unasikia?"

Nikasema nimesikia. Simu ikakatika.

Sikuhitaji kufafanuliwa. Nyumba imejaa watu, siyo sikukuu, na mtu mzima anasema ni mgonjwa. Niliyajua haya, nilifundishwa na koko mwenyewe. Koko amekufa, nikajiambia, na wanafanya kama inavyofanywa. Nikasikia mama anaimba ndani ya maji, wimbo wa kipuuzi wa harusi, na Madame akiwa jikoni anasuuza mchele.

Sasa nitakuambia ukweli wote, wa kunipamba na wa kunivua nguo. Nilifikiri hivi: kama ameshakufa, haraka ya nini? Mama akijua leo au akijua baada ya wiki mbili, koko hatafufuka. Hajawahi kupumzika, mwache apumzike. Hayo ni mawazo ya huruma, na yalikuwepo. Lakini chini yake palikuwa na lingine: nilitaka kuiona bahari. Nilitaka wale swala. Mama alipotoka, ngozi inafuka mvuke, akauliza nani alipiga, nikasema mtu amekosea namba. Ulikuwa ujumbe wa kwanza maishani mwangu ambao sikuufikisha.

Siku ya tatu tukaenda baharini. Mchanga ulikuwa wa moto, maji ya uvuguvugu, na mama akaingia mpaka magotini, sketi ameikunja mkononi, akicheka. Njiani kurudi alimnunulia koko shali ya kijivu, laini, akaniuliza kama ataipenda. Nikasema ataipenda sana. Akaifunga mwenyewe na kuiweka chini ya sanduku ili isikunjike.

Siku ya nne Madame alifungua kabati dogo lenye picha za wazazi wake. Ni siku zile ambazo kwao wafu wanarudi nyumbani kutembelea. Akaweka matunda, chai, ubani, na jioni akawasha moto mdogo mbele ya mlango ili waione njia. Ulikuwa ukinuka mbao na vumbi. Akamuuliza mama, kwa Kifaransa chake cha taratibu, kama naye ana mtu wa kumwita. Mama alipiga ishara ya msalaba, akasema baba yake alikufa zamani, lakini mama yake, Mungu asifiwe, yupo. Madame akamshika mkono, akafurahi naye. Mimi nikachukua kipande cha pichi kwenye sahani yangu, na walipogeuka nikakiweka kabatini, nyuma ya chai. Nikanong'ona, koko, njoo basi. Nyenje wakanyamaza wote.

Ilibaki kidogo niseme usiku ule. Mdomo niliufungua. Mama akanitangulia, akasema hajawahi kuwa na furaha namna hii na kwamba anaona haya kidogo, kisha akanifunika shuka. Nikafunga mdomo.

Siku ya tano, mchana, tunakula, simu ikalia, na safari hii mama alikuwa amekaa karibu zaidi. Alipokea akicheka. Sauti ya mama mkubwa haikuwa ndogo tena, ilijaza chumba, na alivunja desturi yote kwa hasira. Hakusema mgonjwa. Hakusema rudi. Alisema koko amekufa alfajiri.

"Amekungojea trois jours. Tuliweka telefone pembeni ya kichwa yake. Juu ya nini haukupiga?"

Mama akasema, "Siku tatu gani?"

Kisha akageuka akanitazama. Niliviweka mezani vile vijiti vyao vya kulia chakula, kimoja sambamba na kingine. Yule niliyemlilia siku tatu kwa siri alikuwa hai siku zote tatu. Wale watu niliowasikia kwenye simu walikuwa wametoka misani, wamekuja kumwombea mgonjwa, basi. Safari hiyo mgonjwa alikuwa mgonjwa kweli, na mambo yote niliyoyajua yalinisaidia kumwua kabla ya wakati wake.

Mama hakuanguka. Madame alikimbia kumshika akakuta amesimama wima. Tulirudi Brussels kesho yake. Kwenye uwanja wa ndege wa Zaventem walitungoja watu wengi kama koko alivyosimulia, wanawake wa Ixelles na wa Etterbeek, vitambaa vya kichwa vyote vya rangi moja, ingawa hapakuwa na kitu cha kuficha tena. Walimchukua mama katikati yao. Mimi nilibaki na kigari cha mizigo.

Kwenye matanga mama mkubwa alikuwa anasimulia kwa kila aliyeingia, na mimi nikibeba trei ya vikombe nilisikia mara kumi. Walitaka kupiga tena Jumatatu. Walitaka kupiga Jumanne. Koko aliwakataza. Alisema wasisumbue nyumba ya watu, mtoto ameshasikia, na yule mtoto hasahau. "Sekretere yangu ameshachukua," alisema, na akageuzia uso wake kwenye simu. Walimzika na ile shali ya kijivu.

Mama hakunipiga. Wala hakunigombeza, hata mara moja, na nilimngojea anigombeze miaka mingi. Usiku wa baada ya maziko aliniuliza swali moja, simu ile ilipigwa saa ngapi. Nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa, akachukua lile daftari lenye penseli ya uzi, akalitia kwenye droo.

Sasa nyumba ile imebadilika. Jirani wa chini alikufa, ngazi za mbao zimewekewa zulia hazilii tena, na kule Auderghem nyumba ya Madame wamekaa wengine. Hata desturi ya koko imekwisha. Mtu akifa Lubumbashi asubuhi, kabla watoto wake hawajakalishwa, picha yake yenye mshumaa imeshazunguka kwenye simu za watu wote kutoka hapa mpaka Kanada. Wengine wanasema ni afadhali.

Mama yupo bado ghorofa ya tatu. Magoti yamemkataa, lakini simu ya mezani hataki kuikata ingawa nimemwomba. Jumapili nilimpelekea ile pakiti, nikaichemsha, nikaipoza, nikammiminia. Alinusa kwanza. Akasema, hii ya kwa Madame. Tukanywa, binti yangu akilalamika kwamba ina ladha ya mkate ulioungua, na mama akacheka kidogo.

Simu ikalia. Ilikuwa karibu yangu, ningenyoosha mkono tu. Binti yangu akainuka aipokee na mama akamshika bega, akamkalisha. Akaweka viganja mezani, akanyanyua goti moja, kisha la pili. Ililia mara tano, sita, saba. Nilikaa na mikono yangu chini ya meza, kama ninavyofanya tangu nina miaka kumi na moja. Akafika, akashika kiti, akainua mkono wa simu.

Alikuwa mtu wa kuuza umeme. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.