3.45 na 3.9: jinsi wasomi wawili tulivyoua mpunga wa mama

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Haya ninayoandika sijayatia chumvi. Chumvi ya kutosha imeshaingia shambani kwa mama.

Kwetu ni delta, unavuka kwa boti kutoka Nyamisati. Mama analima mpunga huko. Shamba lake lina tuta la udongo la kuzuia maji ya bahari, maana yakiingia kwenye mpunga mchanga, basi tena. Na huo mpunga ndio chakula chetu cha mwaka mzima.

Msimu uliopita kaa walitoboa tuta, upande mmoja ukabonyea. Mama akaniita tukazibe. Balaa ni kwamba alikuja pia shemeji yangu, mume wa dada, kutoka Kibiti mjini.

Huyu bwana ni wale wajuaji. Ana diploma, mpaka leo sijui ya nini. Anachomekea shati mpaka shambani, na anawasahihisha wavuvi namna ya kufunga kamba.

Akatoa simu, akafungua app inayoonyesha maji yatajaa kiasi gani. Jumanne mita 3.45. Alhamisi mita 3.9.

Jumanne maji yakaja, yakaishia chini kidogo ya pale tuta lilipobonyea, yakarudi. Mama akasema tuwahi kuziba, mwezi ndiyo kwanza umeandama, bamvua lenyewe bado. Bamvua ni yale maji makubwa kabisa, na kwetu huja siku mbili baada ya mwezi kuandama.

Shemeji akacheka. Akamweleza mama polepole, kama anaongea na mtoto, kwamba bamvua limeshapita. Kama nukta arobaini na tano imeshindwa kuingia, hiyo nukta tisa itafanya nini? Tuta tutatengeneza wiki ijayo.

Na mimi sasa. Nina C ya hesabu form four, msicheke. Nikachukua simu, nikakodolea zile namba, nikatikisa kichwa kama profesa. 45 na 9, nani haoni? Nikamwambia mama aachane na mambo ya kizamani.

Jumatano wasomi tulishinda barazani tunapiga soga. Mama alikwenda peke yake na jembe, akabeba udongo mpaka mgongo ukakataa. Hakumaliza. Naandika hili kwa aibu.

Alhamisi alasiri maji yalipanda, yakafika pale palipobaki wazi, yakapita. Nilikimbia, nikamkuta mama amesimama na jembe lake, maji magotini, anatazama tu. Siku chache baadaye mpunga wote uligeuka njano, ukafa.

Shemeji akaanza kuilaumu app. App! Namba ilikuwa sahihi, vichwa ndivyo vilivyokuwa vitupu.

Nilikaa na ile simu, hesabu za shule ya msingi zikanirudia. Tarakimu ya kwanza baada ya nukta ni sehemu za kumi, ya pili ni sehemu za mia. 3.9 ni sawa na 3.90. Kwa hiyo ni tisini dhidi ya arobaini na tano, karibu nusu mita nzima ya maji. Tuliona tarakimu nyingi, hatukuangalia zimekaa wapi.

Nikaenda kumweleza mama. Mama hakusoma, lakini marehemu baba alikuwa mkata boriti za mikoko, na aliyekuwa akizipima ni mama, kwa mkono wake: kwa shibiri na kwa vidole, shibiri moja ikiwa upana wa vidole kumi na zaidi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Kwa hiyo mlikuwa na shibiri tisa huku, na vidole arobaini na tano huku. Mkaona vidole ni vingi?"

Nikasema ndiyo, mama.

"Na shule mlikwenda."

Shemeji aliondoka na boti ya asubuhi, shati kachomekea vilevile. Sisi mwaka huu tunaomba mchele kwa ndugu zetu wa Ruaruke, na mama ndiye anayekwenda kuomba.

Funzo: usilinganishe namba kwa urefu wake, tazama kila tarakimu imekaa nafasi gani. Na usimcheke anayepima kwa mkono kama wewe na simu yako hujui unachopima.

Uwanja ni wenu, nitukaneni mnavyotaka. Ila kabla ya kunitukana, kila mmoja aandike hapa chini kipi kikubwa, 0.7 au 0.65. Nawajua humu, wapo watakaopita kimyakimya.