Nilichoma kichwa cha kamera cha Mwalimu, nikasingizia unyevu

Wakuu, hamjambo huko mliko. Kwa miaka nimekuwa msomaji tu hapa, nacheka na nyuzi za wengine halafu naenda zangu. Leo ni zamu yangu. Nitaeleza vile ilivyokuwa, hata pale ninapojiaibisha.

Naitwa Nyambura. Ni fundi wa vitu vya umeme, niko na kibanda Bomet mjini. Redio, TV, amplifaya za makanisa, hizo ndizo kazi zangu. Nyumbani ni Silibwet. Babu alitoka Nyeri akanunua shamba huku, na sisi wajukuu hatujui kwingine.

Kanisa letu lilikuwa la mbao. Waumini walikuwa wameamua lijengwe la mawe, na la zamani libomolewe Jumatatu.

Sasa kuna mzee mmoja pale kanisani, Mwalimu Koech. Alifundisha fizikia mpaka akastaafu, na anapenda kupiga picha kuliko mtu yeyote ninayemjua. Alitaka kupiga picha ya ndani ya kanisa kabla halijaenda. Si picha moja. Picha nyingi za pande zote, chini mpaka darini, kisha kompyuta inaziunganisha ziwe moja. Ukiifungua kwa simu unaizungusha kama mtu amesimama katikati akitazama huku na huku.

Shida ni mikono yake. Tangu augue, inatetemeka. Kikombe cha chai anashika na mikono miwili.

Ndiyo maana alikuwa ametafuta kile wanaita kichwa cha panorama. Ni kitu chenye mota kinachokaa juu ya tripod, ile stendi ya miguu mitatu, kinageuza kamera kidogo kidogo chenyewe. Alikipata cha mitumba, rimoti yake imepotea. Lakini kilikuwa na soketi ya serial, kumaanisha laptop inaweza kukiamuru, mradi upate kebo sahihi. Kebo hiyo haiuzwi huku. Lazima utengeneze.

Aliniletea hicho kichwa Alhamisi, pamoja na karatasi aliyochora pini sita za soketi, kila moja na kazi yake. Mchoro safi, wa mwalimu.

"Chukua wakati wako," akaniambia. "Bora Jumamosi nipige."

Ijumaa nikakaa nikachomelea. Upande mmoja plagi ya serial ya kwenda kwa laptop, upande mwingine plagi ndogo kama ile ya simu za zamani za mezani. Katikati nikatoa waya mbili za betri, kwa sababu kebo hiyo hiyo ndiyo ilipeleka umeme na amri pamoja.

Hapa ndipo nilikosea, na walio mafundi wataelewa haraka. Mwalimu alichora soketi akiitazama usoni. Mimi nilishika plagi mkononi nikahesabu kutoka kushoto. Plagi na soketi hutazamana, kwa hivyo kushoto kwa moja ni kulia kwa nyingine. Pini yangu ya kwanza ilikuwa ya sita yake.

Mita ilikuwa mezani. Sikupima.

Nikaunganisha betri. Volti kumi na mbili zikaingia kwa pini ya data. Hakukuwa na mlipuko wala moshi wa maana, harufu tu. Hiyo harufu fundi yeyote anaijua.

Nikafungua. Chip ndogo ya miguu kumi na sita, ile inayopokea amri za kompyuta, ilikuwa imepasuka katikati.

Jioni Mwalimu akapiga simu kuuliza kazi imefika wapi. Wakuu, sikupanga kudanganya. Nilifungua mdomo na ikatoka: "Mwalimu, naona hii kitu ilikuja ikiwa imekufa. Ndani kuna unyevu."

Halafu akasema, "Aa. Hiyo ni mimi. Niliiweka store, na store inavuja. Pole kwa kukupotezea wakati."

Mimi ndiye niliambiwa pole.

Jumamosi sikufungua kibanda kwa wateja. Nilipekua bodi zote kuukuu nilizonazo nikitafuta chip kama ile. Nilijiambia nikiipata nitaiweka kimya kimya, nimwambie nimefufua kifaa chake, na hata anishukuru. Sikuipata. Niliwapigia mafundi wawili ninaowajua, hawana.

Jumapili ilikuwa ibada ya mwisho ndani ya lile kanisa. Watu walijaa mpaka nje. Wakati wa matangazo Mwalimu akasimama, ameshika kiti cha mbele yake ili mikono itulie.

Akasema, "Niliwaahidi picha. Haitapatikana. Nilihifadhi kifaa vibaya, kikaharibika. Mnisamehe."

Akakaa. Mke wake, aliyekuwa kando yake, hakumtazama.

Nilikuwa kiti cha tatu kutoka nyuma. Nilipaswa kusimama pale pale. Sikusimama. Niliimba wimbo uliofuata na sikumbuki ulikuwa upi.

Baada ya ibada nikamkuta peke yake karibu na tangi la maji.

"Chamgei, Mwalimu," nikamsalimu kwa Kikalenjin.

"Chamgei, Nyambura."

"Si unyevu," nikasema. "Ni mimi nilichoma."

Hakukasirika kwanza. Aliuliza swali la kimwalimu. "Ulihesabu pini kutoka wapi?"

"Kwa plagi."

Akatikisa kichwa polepole. "Mimi nilichora kutoka kwa soketi. Ningeandika hapo kwa karatasi." Akatazama chini. "Hiyo mtu yeyote anaweza kukosea. Lakini unyevu ulitoa wapi?"

"Niliutunga," nikasema.

"Mama watoto hajaongea na mimi tangu juzi," akasema. "Aliniambia nitoe hiyo kitu store, nikakataa. Sasa nimesimama mbele ya kanisa nzima nikajilaumu kwa kitu sijafanya."

Nilianza kulia. Hakunibembeleza. Alitoa simu akampigia mwanafunzi wake wa zamani mwenye karakana Kericho. Dakika tano tu, chip imepatikana, ila karakana ingefunguliwa kesho alfajiri. Alipokata simu akaniambia bila hasira, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi: "Ungeniambia Ijumaa, jana ningekuwa nimepiga picha."

Kisha tukaenda kwa mwenyekiti wa kanisa. Akakubali mafundi wa kubomoa wangoje mpaka saa sita mchana Jumatatu.

Jumatatu alfajiri nikaenda Kericho, nikachukua chip, nikarudi moja kwa moja mpaka kanisani na vifaa vyangu. Nilipofika, Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni na laptop kwa mfuko. Alinionyesha tu juu.

Mafundi walitoka Chepilat na walifika mapema, kabla mwenyekiti hajaamka kuwaambia. Walikuwa wameanzia mbele. Juu ya mimbari hakukuwa na mabati, dari, wala boriti. Mawingu tu.

Mwenyekiti alikuwa amewasimamisha. Walikaa nje kwenye nyasi na chai yao na mandazi, wakitungoja.

Nikabadilisha chip kwenye benchi la kanisa. Kisha tukatengeneza plagi upya, sisi wawili. Mwalimu anasoma namba, mimi naweka mita, yeye anaangalia kioo cha mita kabla hatujaenda kwa inayofuata. Pini sita zilichukua karibu nusu saa. Sijawahi kufanya kazi polepole hivyo, na sijawahi kuwa na uhakika hivyo.

Tukaunganisha betri. Kichwa kikazunguka kidogo, kikasimama.

Mwalimu alikaa chini na laptop kwa magoti. Kazi yake ilikuwa kubonyeza kitufe kimoja tu, na kwa kazi hiyo kutetemeka hakukuwa na neno. Kamera inageuka, inatulia, inapiga. Inageuka tena. Mimi nilijificha nyuma ya mlango nisiingie kwenye picha. Ilichukua karibu saa nzima.

Ilipoisha akafunga laptop, akawaita mafundi waendelee.

Jumapili iliyofuata tuliabudu kwenye hema. Picha ilikuwa imetumwa kwa simu za watu, na baada ya ibada kila mtu anaizungusha. Watu wanaonyeshana, hapa ndipo nilibatizwa, hapa ndipo tulikaa siku ya harusi.

Kogo Rebeka, nyanya mmoja wa kanisa, alikuwa anaonyeshwa na mjukuu wake. Akauliza kwa sauti, "Mbona hapa mbele ni mawingu?"

Watu wakamgeukia Mwalimu. Yeye akanitazama mara moja, akatazama kando. Nilielewa kwamba hatasema. Angebeba hilo pia, kama sitalichukua.

Nikasimama. "Ni kwa sababu yangu. Nilichoma kifaa cha Mwalimu Ijumaa nikasema uongo. Hakukihifadhi vibaya. Tulichelewa kwa ajili yangu."

Mke wa Mwalimu akamtazama mumewe, akasogea karibu naye kidogo.

Kogo Rebeka akasema, "Sawa, umesema." Kisha akaongeza, taratibu tu, "Lakini boriti ya hapo juu ndiyo mzee wangu alipandisha. Nilitaka kuiona."

Akarudisha simu kwa mjukuu.

Wakuu, hilo ndilo nimebaki nalo. Kuchoma chip ni ajali ya kazi, na yeyote anayeshika chuma cha kuchomelea ataichoma siku moja. Ila sentensi moja niliyosema kwa simu ilimfanya mtu aombe msamaha mbele ya kanisa, ikanyamazisha nyumba ya watu, na ikamnyima Kogo boriti yake. Hiyo haina spea.

Kwa mafundi wenzangu: mkichora pini, andikeni mnatazama kutoka upande gani. Na ukiharibu, sema siku hiyo hiyo, bado kuna kitu cha kuokoa.

Nawasikiliza. Kuna aliyewahi kuharibu kitu cha mtu akanyamaza? Ulikaa nayo muda gani, na ulisemaje ulipofika?